Kufuta si kuondoa: kwa nini makomunike yalinyamaza siku mbili

Butembo. Tangu mwezi uliopita wasikilizaji wengi wanatuuliza, kwa simu na wengine kwa kufika mlangoni, kwa nini makomunike ya jioni yalinyamaza siku mbili mfululizo. Wako waliodhani tumekatazwa kusema. Wako waliosema mafuta ya jenereta yalikwisha. Familia zilizohama ndizo zilizouliza zaidi, na zina haki, kwa sababu katika makomunike hayo ndimo mtu husikia kwamba mdogo wake yuko Oicha, au kwamba mtoto aliyepotea njiani amepokelewa na watu wa Bulengera.

Jibu letu ni fupi: disiki ya kompyuta ilijaa. Lakini ndani ya jibu hilo kuna jambo linalowahusu ninyi mliotupa sauti zenu, na linamhusu pia kila mtu mwenye simu mfukoni. Kwa hiyo naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu.

Redio yetu ni ndogo. Zamani tulikuwa na kompyuta tatu: moja ya kurusha matangazo, moja ya kutunza sauti, moja ya hesabu na barua. Tatu zilikula umeme mwingi, na kila mtu hapa anajua shida ya umeme na bei ya mafuta. Fundi akatushauri tuwe na moja tu yenye nguvu, inayofanya kazi kwa betri za sola, kisha ndani yake atengeneze kompyuta tatu zisizoshikika kwa mkono. Mafundi huziita mashine pepe. Kila moja inajiona kama kompyuta kamili, yenye disiki yake. Ukweli ni kwamba disiki yake ni faili moja kubwa iliyolala juu ya disiki ya kweli.

Mpango huo unatumika duniani kote, toka benki kubwa hadi vyuo. Una faida na una mtego. Mtego wake nitaueleza kwa mfano wa parseli.

Mwenye parseli ana vyumba kumi na wapangaji watatu. Amemwambia kila mpangaji: "Unaweza kuchukua hadi vyumba vitano." Hesabu hiyo inazidi kumi, lakini anajua hawatavihitaji vyote kwa siku moja. Mpangaji akihitaji chumba, anapewa ufunguo. Akihitaji kingine, anapewa ufunguo mwingine. Siku moja mpangaji wa pili anafungua daftari lake na kuchora mstari juu ya vyumba vitatu: sivihitaji tena. Kwake yeye vyumba vitatu viko wazi. Lakini funguo bado ziko mfukoni mwake. Mwenye parseli akitazama ubao wake wa funguo anaona vyumba vile vina mtu. Mpangaji mwingine akija kuomba chumba, anaambiwa hakuna.

Na kuna jambo la pili katika mfano huo, ambalo ndilo zito. Mpangaji yule hakutoa vitu vyumbani. Alichora mstari kwenye daftari tu. Kitanda kiko, masanduku yako, picha ziko ukutani. Mtu mwingine akipata njia ya kufungua mlango, atavikuta vyote.

Hivyo ndivyo kompyuta inavyofuta. Ukiambiwa faili imefutwa, mara nyingi kilichofutwa ni mstari wa daftari unaosema faili iko wapi. Sauti yenyewe inabaki pale ilipokuwa mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Na kama ni mashine pepe, disiki ya kweli iliyo chini yake haina habari kabisa kwamba kuna nafasi iliyoachwa.

Mwenzetu anayetunza sauti alikuwa amefanya kazi kubwa ya kupunguza. Alifuta mamia ya faili za zamani, na mashine yake pepe ikamwonyesha nafasi tele. Lakini chini, kwenye disiki ya kweli, hakuna hata chumba kimoja kilichorudishwa. Mashine ya kurusha matangazo ilipoomba nafasi ya kuandika, ikakosa. Ikasimama pale pale ilipokuwa, kama mtu aliyeganda akiwa amefungua kinywa. Hiyo ilikuwa jioni, dakika chache kabla ya makomunike. Tuliendelea na habari na muziki kutoka kompyuta ya mkononi, lakini orodha ya makomunike ilikuwa ndani, na ndani hapakuingilika.

Fundi wetu alikuwa Beni. Toka Beni hadi hapa ni kama kilomita 50, lakini ninyi mnaoipita barabara hiyo mnajua kwamba saa za kusafiri haziamuliwi na kilomita. Alifika asubuhi ya kesho yake. Akatazama, akatueleza mfano wa funguo, akasema kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Iko amri katika mfumo wa Linux inayoitwa fstrim. Kazi yake ni kupita katika daftari la mashine, kukusanya vyumba vyote vilivyochorwa mstari, na kumwambia mwenye parseli: hivi hapa, chukua funguo zako. Lakini kabla ya kugusa kibodi alitugeukia akauliza: "Nikitoa amri hii, vilivyofutwa haviwezi kurudi tena. Kuna mtu anayehitaji kitu humo?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tunyamaze siku ya pili.

Mjue kwanza kuna nini katika disiki ile. Kuna sauti za watu wa eneo la Beni tangu mauaji yalipoanza mwezi wa Oktoba 2014. Kuna sauti za wakati wa Ebola, tangu ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wakati ambapo watu 2,287 walikuwa wamekufa. Kuna sauti za waliofika kutoka kusini mwa Lubero baada ya Kanyabayonga kuanguka mwishoni mwa Juni 2024, wengine wakiwa wametembea siku kadhaa na watoto mgongoni. Wengi walizungumza nasi siku ile ile waliyofika, kabla hawajalala, kabla hawajafikiri nani anaweza kusikia.

Wengine walifikiri baadaye. Mama mmoja, ambaye sitaandika kijiji chake wala mwezi aliozungumza, alirudi kwetu na kusema: "Mwanangu, naomba sauti yangu iondoke kabisa." Alikuwa ametaja aliowaona na jinsi alivyowatambua. Tulikuwa hatujairusha. Mwenzetu akaifuta mbele ya macho yake, akamwonyesha folda tupu, na mama akaenda nyumbani ametulia. Hakuwa peke yake. Kuna waliopona Ebola ambao majirani waliwatenga, wakaomba yale waliyosimulia yasibaki popote. Kila mmoja aliambiwa: imefutwa. Na kwa jinsi mashine ilivyosema, ilikuwa imefutwa.

Hofu yao si ya bure. Katika kazi yetu hatujasahau kwamba Novemba 2019 Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba huko Mambasa, aliyekuwa akieleza watu habari za Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Sauti inaweza kumfuata mtu. Na kompyuta inaweza kuibwa, kama inavyoweza kuibwa mbuzi.

Hao ni upande mmoja. Upande wa pili ilikuwa familia ya muzee mmoja. Muzee huyo alizungumza nasi miaka iliyopita kuhusu mashamba ya kahawa ya zamani, jinsi walivyopeleka kahawa Kasindi, jinsi vijiji vya kaskazini vilivyokuwa kabla watu hawajaondoka. Yalikuwa mazungumzo mazuri, ya saa nzima, mengi yakiwa kwa Kinande. Baadaye akafa ukimbizini, mbali na kaburi la baba yake. Wiki moja kabla ya disiki kujaa, watoto wake walituandikia wakiomba nakala. Hawana picha yake hata moja, nyumba iliungua na vyote. Walichotaka ni wajukuu waisikie sauti ya koko wao. Tulipotafuta tukakuta faili imo katika zile zilizofutwa ili kupata nafasi.

Basi katika vyumba vile vile vitupu kulikuwa na sauti ambayo mwenyewe ameomba isiwepo, na sauti ambayo watoto wanaomba irudi. Na amri ni moja. Haichagui.

Tulikaa wanne: mkurugenzi, mwenzetu wa sauti, fundi na mimi. Fundi alisema kuna njia. Zipo programu zinazopekua sehemu zilizoachwa na kuokota faili kwa kutambua sura yake, hata kama mstari wa daftari haupo. Lakini zinarudisha faili bila majina. Zinazipa namba tu. Kwa hiyo ili tumpate muzee, mtu angelazimika kufungua faili moja baada ya nyingine, mamia, na kusikiliza mwanzo wa kila moja. Humo angekutana na mama yule. Angekutana na wale wa Ebola. Tena, kabla ya kusikiliza, ingebidi faili zote hizo ziandikwe upya kwenye disiki nyingine, ziwe hai tena.

Mkurugenzi aliona tujaribu. Alisema muzee ni historia ya hapa, na kwamba kama mtu mmoja mwaminifu atasikiliza sekunde tano tano peke yake, hakuna atakayeumia. Hoja hiyo ina uzito. Redio za huku ni kama maktaba yetu. Vijiji vingi vilivyochomwa havikuandikwa katika kitabu chochote, vimebaki katika sauti za watu. Tukifuta bila kujali, tunawasaidia waliovichoma.

Mwenzetu wa sauti alikataa. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Nilimwambia mama yule kwa mdomo wangu kwamba haipo. Nikiisikia leo, nitamwambia nini tukikutana sokoni?"

Mimi nilisimama upande wake, na nitasema sababu yangu. Muzee alizungumza ili asikiwe, na kupotea kwa sauti yake ni hasara kwetu sote. Lakini mama alizungumza kwa kutuamini, akaondoa ruhusa yake, nasi tukakubali. Ahadi hiyo haina kipengele kinachosema "isipokuwa tukihitaji kupekua". Sheria ya nchi pia, ile Kodi ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, imeweka ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, aliye hai na anayeogopa hutangulia.

Kabla ya kuamua tulimtafuta muzee kwingine. Tulipiga simu kwa waandishi wenzetu wa Beni na Oicha, tukapekua kadi za memori zilizokaa kwenye makopo, flashi, simu mbili zenye vioo vilivyopasuka. Siku nzima. Hatukupata.

Jioni mkurugenzi alimpigia mtoto mkubwa wa muzee. Alimweleza yote bila kuficha, hata habari ya programu ya kupekua. Simu ilikuwa wazi, sote tulisikia. Yule papa alikaa kimya, kisha akauliza: "Hao walioomba wafutwe, wako hai?" Mkurugenzi akajibu kwamba wengi wao wako hai. Akasema: "Basi fanyeni. Baba yetu hawezi kuuawa mara ya pili."

Fundi aliandika amri. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mwishoni ikaandika namba ya nafasi iliyorudishwa, na disiki ya kweli ikapumua. Makomunike yakarudi jioni ya siku ya tatu, nasi tukasoma ya siku zote tatu pamoja. Mkumbuke tulikaa hewani karibu saa mbili.

Lakini kazi haikuishia hapo, na wanaoendesha redio ndogo kama yetu watanisikiliza vizuri sehemu hii.

Kwanza, amri peke yake haitoshi. Katika mipangilio ya mashine pepe kuna mahali pa kuruhusu disiki yake ipeleke habari za vyumba vilivyoachwa kwa disiki ya chini. Pakifungwa, habari inaishia njiani na hakuna nafasi inayorudi. Kwetu palikuwa pamefungwa, fundi akapafungua kwanza.

Pili, kama mlihifadhi hali ya zamani ya mashine ili mweze kuirudia ikiharibika, hali hiyo inashika vyumba vyote vya siku ile. Sauti mliyofuta leo bado imo katika hali ya mwezi jana. Hizo nazo ziondolewe.

Tatu, kuna nakala za akiba. Tulikuwa na disiki ya nje inayowekwa nyumba nyingine, ili moto au wezi wasimalize kila kitu. Sauti ya mama ilikuwemo huko pia. Na disiki nyingi za nje na flashi hazielewi habari ya kurudisha funguo. Humo ilibidi tufute, kisha tujaze nafasi yote iliyobaki kwa faili tupu ili kilichokuwa chini kifunikwe, kisha tuzifute faili hizo. Kazi hiyo ilichukua usiku mzima.

Nne, amri hiyo sasa inajiendesha yenyewe mara moja kwa wiki, usiku wa kuingia Jumatatu. Kwenye Linux nyingi utaratibu huo tayari upo. Na ukikosa umeme usiku huo, hufanyika mara kompyuta ikiwashwa tena. Aliyeutengeneza ni kama alipata kuishi Butembo.

Sasa nawageukia ninyi mlio na simu, hasa mliohama na simu ndiyo sanduku lenu la mwisho.

Simu za Android, tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, hurudisha funguo zenyewe simu ikiwa imetulia na ina chaji. Kwa hiyo picha uliyofuta ndani ya simu, baada ya kuondoka pia katika kapu la takataka ambamo hukaa wiki kadhaa, ni vigumu sana kuirudisha. Lakini kadi ya memori unayoichomeka pembeni si hivyo. Ukifuta picha kwenye kadi, picha kwa kawaida inabaki pale chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Jambo hilo lina faida na hatari, kulingana na haja yako.

Kama umefuta kwa bahati mbaya picha ya mtu wako kwenye kadi, acha kuitumia hapo hapo. Usipige picha nyingine, usiweke wimbo hata mmoja. Toa kadi, ifunge kwenye karatasi, ipeleke kwa fundi unayemwamini. Kila wimbo unaoongeza unaweza kufunika uso unaoutafuta.

Kama umefuta kwa sababu unaogopa, usidhani imekwisha. Usiuze kadi hiyo, usimpe kijana wa kibandani akujazie nyimbo ukamwachia hadi jioni. Ijaze wewe mwenyewe kwa nyimbo au video mpaka iseme haina nafasi, kisha futa. Au ivunje. Bei ya kadi ni ndogo kuliko maisha.

Na kwa upande wetu redioni, mkutano umekubali mambo haya, nami nayaandika hapa ili mtudai.

Kabla ya kukurekodi tutakuuliza sauti ikae au iondoke baada ya kutangazwa. Ukisema ikae, utapewa nakala ukiwa na kadi, siku hiyo hiyo, bila malipo. Hakuna familia itakayosubiri kifo ndipo ianze kutafuta.

Faili tunazotaka kuziondoa kwa ajili ya nafasi zitakaa kwanza siku 30 katika folda ya kusubiri. Katika makomunike tutasoma mwaka na mada zake, bila majina ya watu, ili anayehitaji aje. Zikishafutwa, Jumatatu inayofuata zimekwenda kweli.

Na yule atakayekuja kusema "naomba sauti yangu iondoke" hatasubiri siku 30 wala Jumatatu. Itaondolewa siku hiyo, juu na chini, pamoja na nakala za akiba, na ataitwa kuambiwa ikikamilika. Mama niliyemtaja ameshaitwa. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sasa ni kweli. Tukamjibu kwamba sasa ni kweli.

Bado tunamtafuta muzee. Kama kuna mtu, Beni, Oicha, Butembo au ng'ambo ya Kasindi, aliyerekodi kwa simu kipindi chetu kuhusu mashamba ya kahawa, chenye mzee anayecheka kabla ya kila jibu, tafadhali aje na simu yake. Hata dakika moja inatosha.

Mwandishi wenu, Butembo.